Pima Maji ya Marehemu

Mwanamke mmoja alikuwa ameinama juu ya jiwe la kunolea, anasugua kisu cha randa. Kopo la maji lilikuwa pembeni. Alikwisha maliza upande mmoja, sasa anavuta wa pili taratibu bila kuinua kisigino cha kisu, kwa sababu ukiinua kisigino unaharakisha kazi na unaua makali. Jirani yake akaingia uani bila hata hodi.

“Mama Tumpe, acha hicho kisu. Wameamua.”

“Wameamua nini?”

“Mama mkwe wako aondoke. Kabla jua halijazama awe amevuka mto, arudi kwa kaka yake. Mjumbe anakuja na watu kumsindikiza.”

Mwanamke hakuacha kunoa. Kina mama mnalijua hili. Habari mbaya haikungoji ukae kitako. Inakukuta umeshika mwiko au umefunga mtoto mgongoni, na mikono inaendelea yenyewe huku masikio yamesimama.

“Kosa lake?”

“Unaniuliza mimi? Milango!”

Niwaeleze habari ya milango, halafu tuendelee.

Mume wa mwanamke huyu alikuwa seremala, naye alifariki mwanzoni mwa kiangazi. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Mke alikuwa amemshikia ncha ya pili ya mbao kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo mume alipoondoka, yeye alihamia upande wa pili wa benchi akaendelea. Watoto watatu hawashibi pole za watu.

Na katika kijiji kile kulikuwa na desturi. Fundi akifa, vyombo vyake vya kazi hutolewa nje na kupangwa juu ya mkeka, navyo hukaa pale siku zote tatu za matanga, kama wafiwa wengine. Siku ya tatu mrithi anavipokea kwa mikono miwili na kuvirudisha ndani. Kuanzia hapo hapimi chochote. Hajaribu makali kwa kidole. Halinganishi futi ya marehemu na futi nyingine. Kukijaribu chombo cha marehemu ni kumwambia mbele za watu kwamba siku zote ulikuwa unamshuku.

Tangu matanga yaishe, mwanamke alikuwa ametengeneza na kusimamisha milango saba. Na yote saba ilikuwa inafunguka.

Si kwa upepo. Upepo mnaujua, unaubamiza mlango ukutani na kumwamsha mtoto. Hii ilikuwa inafunguliwa. Jioni, jua likishuka nyuma ya kilima na watu wakikaribia kupakua chakula, komeo lilisikika likijigonga mara moja. Tap. Kisha mlango ulianza kuja ndani, polepole, kwa adabu, kama unasukumwa na mtu aliyebeba mzigo kwa mkono wa pili. Ulikuja mpaka mwisho, ukagusa ukuta, ukatulia. Kizingitini hakuna mtu. Nyumba ya kwanza, halafu baada ya muda kidogo nyumba ya chini yake, halafu ile ya kando ya kisima, kama mtu anayepita kijijini akisalimia.

Baba mmoja alisema “karibu” kabla hajaona kwamba hakuna wa kukaribishwa. Tangu siku hiyo akawa anakula ameugeukia mlango. Mwingine aliweka jiwe nyuma ya mlango wake. Jiwe liliuzuia, ni kweli, lakini mlango ulikaa unalisukuma, unalia kwenye bawaba, unalia, mpaka yule bwana akashindwa kumeza tonge. Akainuka akaliondoa jiwe mwenyewe.

Watu wakaanza kusemezana kwa sauti ya chini. Ni yeye. Anarudi.

Aliyejiponza ni mama wa marehemu. Jioni moja alikwenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Mlango wa nyumba ile ukafunguka wenyewe. Wenye nyumba walirudi nyuma mpaka ukutani, lakini bibi yule hakushtuka hata kidogo. Alisogea kando kama anayempisha mtu, akasema, “Ingia, baba. Umechoka?”

Ikawa imetosha. Kumbe ni yeye anayemwita.

Haya, turudi uani.

“Na mimi?” mwanamke aliuliza. “Nyumba tunayokaa ni moja. Mimi hawakunitaja?”

“Wewe tena! Nani atatutengenezea madirisha?” Jirani alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake. “Mwenzangu, mimi simchukii bibi. Amenishikia watoto wangu wote. Lakini jana nimefunga komeo kwa mikono hii miwili, na bado limeachia. Nimekaa kitandani na watoto wangu kama kuku aliyeona mwewe. Nitaishi hivyo mpaka lini?”

“Milango ya zamani nayo inafunguka? Ile aliyoiweka marehemu mwenyewe?”

“Ile? Imetulia. Na hiyo ndiyo inayotutisha zaidi. Kwa nini aiache milango yake, afungue ambayo hakuiweka? Watu wanasema kuna kitu anatafuta.”

Kisu kikasimama juu ya jiwe.

Jirani alipoondoka, mwanamke alikifuta kile kisu kwa kitambaa, akakaa nacho mapajani. Na hapa lazima niwaambie jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote. Mlango wake mwenyewe ulikuwa mmoja wa ile saba. Wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa, akautoa, akaweka mwingine wiki ya pili baada ya matanga. Nao ulikuwa unafunguka kila jioni, yeye akiwa anasonga ugali.

Hakuwa mtu wa machozi. Alikuwa anasema tu, bila kugeuza kichwa, “Umerudi.” Kisha, kwa sauti ambayo mwiko uliifunika, anaeleza habari za siku. Mbao zimeletwa zimepinda. Mtoto wa kati anakohoa. Ule msumeno wa meno madogo nimeshindwa kuunoa, wewe ulikuwa unafanyaje? Mlango uko wazi, baridi inaingia, naye anaongea. Akimaliza anaufunga, watu wanakula.

Mnaona alichokuwa nacho? Mnaona alichokuwa anaombwa kukitazama?

Akainuka. Akaingia karakana, akasimama mbele ya msumari ilipotundikwa pima maji ya marehemu. Wengine hamjawahi kuishika: ni ubao mfupi ulionyooka, umepachikwa vichupa vya kioo vyenye maji, na ndani ya kila kichupa kuna kipovu cha hewa. Kipovu kikikaa katikati ya mistari miwili, ujue mwimo wa mlango, ule mti wa kando wa fremu, umesimama wima. Kikienda kando, mwimo umelala. Basi. Fundi anaamini kipovu kuliko jicho lake.

Aliichukua, akaenda nayo mlangoni kwake, akaiegemeza kwenye mwimo, alama aliyoichonga marehemu upande mmoja ikimtazama, kama alivyofundishwa na kama alivyofanya kwa milango yote saba. Kipovu kikakaa katikati, kimetulia.

Angeweza kuishia hapo. Mumewe alikuwa amemfundisha pia jambo la pili, miaka mingi nyuma, siku waliponunua pima maji yenyewe dukani. Kifaa cha kupimia hakijibu mara moja. Unakiuliza, unakigeuza kilichokuwa nje kiwe ndani, unakiuliza tena mahali palepale. Kama ni cha kweli, kitarudia neno lake. Kikibadili neno, basi tangu mwanzo kilikuwa kinasema uongo.

Akaigeuza. Alama ya marehemu ikatazama ukutani.

Kipovu kikakimbia.

Kilikimbia mpaka pembeni kabisa ya kichupa na kubaki pale, kimejibanza, kama jicho la mtu asiyetaka kukutana na jicho lako. Akaigeuza kama mwanzo. Kikarudi katikati, mwema, mtulivu. Akaigeuza tena. Kikakimbia tena. Akakisogelea kichupa kwa karibu akaona gundi iliyokishika imeyeyuka na kuganda upya upande mmoja, imekauka kama kamasi ya mtoto. Ni zile siku tatu juu ya mkeka, jua la kiangazi, saa sita mchana. Mumewe alikuwa haiachi juani hata muda wa kunywa chai.

Kwa hiyo miimo yote saba ilikuwa imelala, yote upande mmoja. Jioni mabati yakipoa hujikunja, paa linaivuta fremu kidogo, komeo linaachia, na mlango unakwenda kule ulikoelemea tangu siku ya kwanza. Haukuwa unafunguliwa. Ulikuwa unaanguka, polepole, kwa adabu.

Sasa ninyi, mngefanya nini?

Msijibu haraka. Yeye alifanya hivi: alirudi karakana, akaitundika pima maji kwenye msumari wake, akakaa, akashika tena kisu cha randa akaendelea kunoa. Ndiyo. Akisema ukweli, nani atampa tena kazi fundi aliyepotosha milango saba? Na jioni, mwiko ukiwa mkononi, atazungumza na nani? Bibi ni mzee. Kwa kaka yake kuna chakula. Ni kuvuka mto tu.

Alinoa mpaka kisu kikawa chepesi mkononi. Ndipo mama mkwe akatokea uani na kifurushi chake. Khanga mbili, na kikombe.

“Nimeambiwa nitangulie kujiandaa,” bibi alisema. “Nimejiandaa. Mwanangu, nina neno moja. Leo jioni mlango ukifunguka, mwambie nilikokwenda. Asihangaike kunitafuta nyumba za watu.”

Mwanamke akaweka kisu chini.

Mjumbe alipofika na watu wake, kama kumi na watano hivi, walimkuta amepiga magoti mlangoni, nyundo mkononi, anang'oa misumari ya mwimo.

“Mama Tumpe, bibi yuko tayari?”

“Bibi yuko tayari. Mlango ndio hauko tayari. Nisubirini.”

“Hatukuja kuangalia useremala!”

“Mtauangalia.” Akaiegemeza pima maji kwenye mwimo. “Mjumbe, sogea hapa. Tazama kipovu. Kiko wapi?”

“Katikati.”

Akaigeuza. “Na sasa?”

Mjumbe akaisogelea kwa karibu. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akaita kwa ukali, “Wewe! Unampima marehemu?”

“Marehemu alikuwa haiweki juani, mzee wangu. Aliyeiacha siku tatu juani ni mimi, na aliyeishika baada ya hapo ni mimi. Milango saba nimeisimamisha kwa hii. Hakuna mtu anayeifungua. Imeelemea, inaanguka.”

“Kwa hiyo mume wangu amekonda miezi miwili kwa sababu ya gundi?” mama mmoja akasema, na mtu akacheka, na kicheko kikafia hapohapo.

“Kwa sababu yangu mimi.”

“Maneno tu haya,” mjumbe alisema. “Anamlinda mkwewe. Jua likizama tutajua.”

“Ndiyo,” mwanamke akasema. “Jua likizama.”

Alifunga jiwe kwenye uzi, akaushikiza juu ya mwimo, akangoja jiwe liache kuyumba. Uzi na jiwe havina gundi ya kuyeyuka, na hiki ni kipimo kila nyumba inacho. Juu uzi uligusa ubao. Chini uliachana nao kwa upana wa kidole gumba. Akaugonga mwimo mpaka ukaufuata uzi, akasukumia kabari, akapigilia misumari upya baada ya kuzipiga butu ncha zake ili ubao usipasuke. Akaurudisha mlango kwenye bawaba, akaufunga, akashusha komeo. Kisha akarudi nyuma akasimama na wengine. Bibi alikuwa amekaa juu ya kifurushi chake.

Wakangoja.

Jua likashuka. Mabati juu ya nyumba yakaanza kulia yakipoa, kama mtu anayevunja vidole vyake kimoja kimoja. Halafu, kutoka chini kule, nyumba ya kwanza, wakasikia: tap. Na bawaba ikalia, ndefu, taratibu. Halafu nyumba iliyofuata. Halafu ile ya kando ya kisima. Milango ilikuwa inafunguka katika nyumba zisizo na mtu ndani, kwa sababu wenyewe walikuwa wamesimama pale uani, wakisikiliza sauti inapanda kilima kuja kwao. Mama mmoja alimshika mwenzake mkono na kucha zikaingia.

Kwenye mlango uliokuwa mbele yao, tap. Komeo likaachia.

Mlango haukusogea.

Walikaa wanautazama mpaka ukaanza kuwa mweusi. Haukusogea. Ulisimama tu, mbao, umetulia pale ulipowekwa.

Mlidhani watu walishangilia? Hakuna aliyeshangilia. Bibi ndiye aliyesema kwanza.

“Kwa hiyo hakuwa anakuja?”

“Hakuwa anakuja, mama.”

“Hata siku moja?”

“Hata siku moja.”

Bibi akafikiri. “Basi nilikuwa naongea na mbao.”

“Na mimi, mama,” mwanamke akasema mbele ya watu wote wale. “Na mimi, kila jioni.”

Sasa sisi.

Wenye pima maji nyumbani, leo mkirudi igeuzeni, mwone inasema nini, na msiitupe kwenye kapu moja na nyundo. Hilo ni dogo, nimelisema nisije nikalisahau. Lililonileta mbele yenu ni hili. Watu wale walikitoa kifaa juani kwa heshima. Wakakataa kukigeuza kwa heshima. Na kwa heshima hiyohiyo wakaja kumvusha mto mama mzee na khanga zake mbili. Hakukuwa na mtu mbaya pale. Kulikuwa na watu waliochoka, wanaoogopa jioni, na walikuwa radhi kuwa na mzimu mlangoni kuliko kuuliza nani aliusimamisha mlango.

Na sisi je? Katika nyumba zetu yupo mtoto ambaye kikipotea kitu ni yeye. Yupo mke wa kaka ambaye tangu aingie mambo hayaendi. Tunasema tumepima, tumeona kwa macho, kipovu kiko katikati. Ndiyo, kiko katikati, kwa sababu siku zote tunakishika upande uleule, alama ya mzee ikitutazama. Nani kati yetu amewahi kukigeuza? Nani ameuliza swali lilelile akiwa amejiweka yeye mahali pa yule anayefukuzwa?

Sitawadanganya kwamba ukigeuza utafurahi. Yule mwanamke aligeuza, na akafiwa mara ya pili, jioni moja, uani kwake, watu wakitazama. Na kesho yake alikuwa na milango sita ya kurekebisha bila hata asante. Hilo nalo ni sehemu ya kusema kweli. Ukitaka kweli isiyo na gharama, mimi siijui iliko. Lakini pimeni kilichokuwa upande wa pili: mtu mzima aliye hai, amekaa juu ya kifurushi, anangoja kusindikizwa. Sisi tunaofunga macho tukisema amani ya nyumba, tunamsindikiza nani jioni hii?

Watu walitawanyika mmoja mmoja bila kuagana vizuri. Mjumbe alisimama kidogo, akakuna shingo, akasema atapita asubuhi kuhusu mlango wake. Mwanamke akachukua kile kifurushi, akakiingiza ndani. Moto ulikuwa umefifia, akauchochea. Akasonga ugali, akapasha maharage, na safari hii hakusema neno akiwa anasonga. Akapakua. Mlango ulikuwa umefungwa. Akawahesabu kama mama yeyote anavyowahesabu kabla hajakaa: Tumpe, wa kati na kikohozi chake, mdogo aliyekwisha anza kusinzia, bibi, na yeye mwenyewe. Watano. Hakuna aliyebaki nje.

“Nawa mikono, mama,” akasema. “Chakula kinapoa.”